Leseni iliyokataliwa Iowa kwa tiketi ya North Carolina: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki nilikifuata kwa karibu kwa sababu nilikuwa mkalimani wa familia tangu siku leseni ilipokataliwa mpaka ilipopatikana. Mhusika ameridhia kielezwe. Jina lake, miji, kiwanda, wakili na tarehe kamili vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa sheria yamebadilishwa ili asitambulike. Humu namwita Baba Neema. North Carolina na Iowa nimezitaja wazi, kwa kuwa Marekani leseni na makosa ya barabarani ni mambo ya jimbo. Ukiyaficha majimbo, msomaji habaki na kitu cha kumsaidia.

Nawaandikia hasa watu wetu wanaohama. Mtu anafikia Texas au North Carolina, anapata leseni yake ya kwanza huko, kisha ndugu anampigia simu kwamba Iowa au Kentucky kodi ya nyumba ni nafuu na kiwandani wanalipa vizuri. Anafungasha wiki hiyo hiyo. Mengi anayaacha nyuma, lakini tiketi, yaani karatasi ya kosa anayoandikiwa na polisi wa barabarani, kama hakuijibu haibaki kule ilikoandikwa.

Usuli

Baba Neema alizaliwa Kivu Kusini, akakulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, akaletwa North Carolina kwa mpango wa wakimbizi akiwa tayari ana mke na watoto. Alipoandikishwa kambini hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwaka ulijulikana, siku haikujulikana, ikaandikwa 1 Januari. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Familia nyingi za kambini zina watu wa 1 Januari. Katika kisa hiki tarehe hiyo ilizaa nusu ya matatizo, nami nitaieleza mahali pake.

Gari alijifunzia North Carolina, akafaulu mtihani, akapata leseni. Alifanya kazi kiwanda cha kuku, zamu ya usiku. Hakuwa dereva mbaya. Mpaka siku ya tukio hakuwa na ajali wala tiketi yoyote.

Mawazo yake kuhusu faini yalitoka Tanzania. Kule trafiki akikuandikia, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, mambo yamekwisha, na leseni ni moja nchi nzima. Marekani karatasi anayokupa polisi ni wito wa mahakama. Ina shtaka, ina jina la mahakama, ina siku na saa. Kuna makosa unayoweza kuyamaliza kwa kulipa kabla ya siku hiyo, lakini kulipa huko kunahesabiwa kuwa umekiri kosa. Usipolipa wala kufika, unafungua jambo la pili ambalo mara nyingi ni zito kuliko la kwanza.

Kabla ya kuingia kwenye matukio ni vizuri kujua nini hasa husafiri kutoka jimbo moja kwenda jingine, kwa sababu maneno ya mitaani yanachanganya vitu vitatu tofauti.

Kuna hukumu. Majimbo mengi yamo katika mkataba uitwao Driver License Compact, na kwa mkataba huo jimbo lililokutia hatiani huliarifu jimbo lililokupa leseni. Pointi, yaani alama za makosa zinazohesabiwa kwenye rekodi ya dereva, zenyewe hazihamishwi kama fedha za benki. Kila jimbo lina hesabu yake: jimbo jipya linaweza kuliandika kosa la kule na kulipima kwa sheria zake, au lisilipe uzito wowote. New York, kwa mfano, kwa dereva wa gari la kawaida haiweki pointi kwa makosa ya majimbo mengine.

Kuna tiketi isiyojibiwa. Mkataba wa pili, Nonresident Violator Compact, una majimbo 44 pamoja na Washington DC. Ukipewa tiketi ukiwa mgeni katika jimbo mojawapo ukaipuuza, jimbo lako la nyumbani hupelekewa taarifa na linaweza kukufungia leseni mpaka uijibu. Alaska, California, Michigan, Montana, Oregon na Wisconsin hazimo.

Na kuna kufungiwa. Hapa ndipo kisa chetu kilipo. Serikali ya shirikisho, kupitia shirika la usalama barabarani NHTSA, inaendesha daftari la taifa la madereva, National Driver Register. Daftari hili halina orodha ya tiketi zako. Lina jina, tarehe ya kuzaliwa, alama chache za mwili kama urefu na rangi ya macho, na jimbo lililokufungia leseni au kukutia hatiani kwa kosa kubwa. Ni kama kibao cha njia panda: hakikwambii kilichoko mjini, kinakuonyesha tu upande wa kwenda kuuliza. Kila jimbo linapaswa kulitazama kabla ya kutoa leseni. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ukihamia mbali hawakuoni, anakupoteza.

Tukio lenyewe

Mwezi Machi, asubuhi, akirudi kutoka zamu ya usiku, Baba Neema alisimamishwa na polisi wa barabara kuu akienda maili 72 kwa saa mahali pa maili 55. Polisi alikuwa na adabu, akampa karatasi, akamwambia mambo ambayo hakuyaelewa yote, akamtakia safari njema. Karatasi ilionyesha siku ya mahakama mwishoni mwa Aprili. Kiasi cha kulipa hakikuwepo.

Kukosekana kwa kiasi hicho ndiko kulikomponza. Hospitali ilipomtibu mtoto, bili ilikuja baadaye kwa posta. Umeme ni hivyo hivyo. Akahitimisha kwamba na hii italetwa nyumbani, akaiweka kwenye bahasha ya karatasi za hospitali, akaingoja. Mkewe aliulizia mara moja, akajibiwa: "Mama Neema, wakituma tutalipa."

Katika sheria ya North Carolina, kuzidisha zaidi ya maili 15 juu ya kikomo ni kosa dogo la jinai. Halimo katika kundi la makosa ya kawaida ya barabarani yasiyo ya jinai. Baba Neema alizidisha kwa 17. Zaidi ya hapo, anayetiwa hatiani kwa kuzidisha zaidi ya 15 akiwa juu ya maili 55 hufungiwa leseni siku 30, bila hakimu kuwa na hiari. Maili mbili zile za mwisho ndizo zilizobadilisha aina ya kosa, wala hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoijua.

Siku ya mahakama ikapita. Utaratibu wa jimbo hilo ni kwamba usipofika na siku 20 zikapita, mahakama huiarifu idara ya magari, yaani DMV. Idara hutuma amri kwa posta, na amri inaanza kufanya kazi siku ya 60 baada ya kutumwa. Ukilimaliza shauri ndani ya dirisha hilo, leseni haifungwi. Dirisha la Baba Neema lilikuwa wazi mpaka Julai. Barua ilikwenda kwenye nyumba waliyokuwa wameihama tangu mwaka uliotangulia. Sheria inampa dereva siku 60 kuijulisha DMV anwani mpya. Alikuwa amewaambia shule, kiwanda na shirika lililowapokea. DMV haikumjia akilini, maana kadi alikuwa nayo mfukoni.

Mwezi Mei, bila kujua chochote kati ya hayo, alihamia Iowa kwa binamu yake, akapata kazi kiwanda cha nyama. Mkewe na watoto wakamfuata shule zilipofungwa. Iowa inamtaka mkazi mpya achukue leseni ya jimbo ndani ya siku 30. Alichelewa: kazi mpya, zamu ndefu, nyumba ya kutafuta. Alikwenda Oktoba, baada ya kampuni ya bima kumwambia kwamba mtu mwenye gari Iowa hawezi kuendelea na bima ya North Carolina.

Kwenye kaunta

Katika kaunti nyingi za Iowa leseni hutolewa kwenye ofisi ya mweka hazina wa kaunti. Baba Neema alikuja na faili la plastiki: grini kadi, kadi ya Social Security, mkataba wa nyumba, bili ya umeme, na leseni yake ya North Carolina ambayo ilikuwa bado na miaka kabla ya kuisha. Alitazama kwenye mashine ya macho, akasoma herufi zote. Kwa kuwa mwenye leseni hai ya jimbo jingine hasamehewi kupima macho lakini husamehewa mtihani wa kuandika na wa barabarani, tulitarajia kutoka na kadi ya muda.

Karani akaandika jina, akaandika tarehe, akatulia. Akaandika tena. Kisha akachapisha karatasi moja na kuigeuza upande wetu. Ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: North Carolina, hastahili. Wa pili: jimbo la tatu, la kusini, hastahili.

"Dada, mwambie hii haijaisha," Baba Neema akaniambia, akiisogeza kadi yake mbele ya karani kwa kidole.

Karani akaeleza polepole, akiningoja nitafsiri. Tarehe iliyo kwenye kadi ni ya kadi. Haki ya kuendesha iko kwenye kompyuta ya North Carolina, na huko imefungwa tangu Julai kwa kutofika mahakamani. Iowa haiwezi kumpa leseni mpaka North Carolina iseme yuko safi, na jimbo la tatu pia liseme hivyo.

"Huko kwa pili sijawahi kufika hata kwa basi," akasema. Karani akaandika namba za simu za idara zote mbili chini ya karatasi, akamrudishia nyaraka zake, akamwambia asiondoke pale akiwa anaendesha yeye.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa kuacha kuendesha saa ile ile. Limo la kwanza kwa sababu ndilo lililokuwa na gharama kubwa kuliko yote na ndilo lililookoa mengine. Kiwanda kiko mbali na nyumbani na hakuna basi la saa tisa usiku. Mpaka siku ile alikuwa akiendesha bila kujua kwamba amefungiwa. Baada ya karatasi ya karani, alikuwa anajua. Kuendesha ukiwa umefungiwa ni kosa la jinai Iowa kama ilivyo North Carolina, na kosa jipya lingeanzisha kifungo kingine cha leseni juu ya kile cha kwanza. Binamu alimpigia simu msimamizi wa zamu, akapatikana mfanyakazi mwenzao wa kumchukua. Kwa muda wote ule familia iliishi kwa kuomba lifti, hata za kwenda sokoni. Mama Neema alianza kujifunza gari wakati huo huo, na naona hilo ni jambo jema ambalo lingefaa lianze mapema.

La pili lilikuwa kukataa ushauri wa njia ya mkato. Watu wema, tena watu wazima wa kanisani, walimwambia atumie anwani ya rafiki Illinois achukue leseni huko. Nilimweleza alichosema karani: daftari ni la nchi nzima. Jina lingejitokeza tena, safari hii likiwa limeambatana na anwani ya uongo kwenye fomu ya serikali. Mtu anayengojea uraia hana sababu ya kujiingiza huko.

La tatu, kutolipa haraka. Binamu alikuwa tayari na kadi ya benki. Wazo lake lilikuwa: piga simu mahakamani, uliza kiasi, lipa, siku ya pili mambo safi. Ni wazo la mtu mwaminifu anayetaka kumaliza deni, na ndilo ambalo lingemgharimu zaidi. Kukiri shtaka kama lilivyoandikwa kungeleta hukumu ya jinai kwenye jina lake na zile siku 30 za lazima, baada ya miezi ambayo tayari alikuwa amefungiwa. Kwa kuwa mimi ni mkalimani na si wakili, nilichoweza ni kuwaomba wasubiri siku mbili hadi wapate mtu wa sheria wa North Carolina.

La nne lilikuwa wakili wa kule. Kuna waliouliza kwa nini asisafiri mwenyewe. Wakili alipotazama faili kwenye mfumo wa mahakama alikuta hakimu ametoa pia hati ya kukamatwa, jambo linalowezekana kosa likiwa la jinai na mtu hakufika. Kwenda mwenyewe bila kujua hilo, umbali wa majimbo kadhaa, huku huna ruhusa ya kuendesha, kungekuwa hatari. Kwa makosa madogo ya barabarani mahakama za huko humruhusu wakili kusimama kwa niaba ya mteja. Ada ya wakili ilikuwa ya dola mia kadhaa, wakailipa kwa mafungu mawili.

La tano lilihusu mstari wa pili kwenye karatasi ya karani. Wengi wangesema tumalize la North Carolina kwanza, hilo jingine litafuata. Tuliamua yaende pamoja, kila moja na faili lake, kwa sababu Iowa ilihitaji majibu yote mawili, na hatukuona faida ya kuyapanga foleni.

Yaliyotokea

Wakili aliomba mahakama iifute kumbukumbu ya kutofika na hati ya kukamatwa, akieleza kwamba barua zilikwenda anwani ya zamani na kwamba mteja wake hakuwa na kosa lolote kabla. Hakimu akakubali. Kufutwa huko kulimwondolea ile ada ya dola 200 ambayo North Carolina humtoza asiyefika mahakamani. Kisha ofisi ya mwendesha mashtaka ikakubali kulibadilisha shtaka kuwa hitilafu ya kifaa cha gari, kwa maana ya spidomita isiyosoma sawa. Kosa hilo si la jinai na halina pointi za leseni. Sheria ya jimbo inaliruhusu kwa aliyezidisha si zaidi ya maili 25. Aliyezidisha zaidi ya hapo hana mlango huo. Faini ilikuwa ndogo. Gharama za mahakama ndizo zilizokuwa kubwa, zilizidi faini yenyewe, na kwa tiketi za North Carolina hilo ni kawaida.

Mahakama ikapeleka taarifa DMV, Baba Neema akalipa ada ya kurejeshewa leseni, na baada ya siku chache rekodi yake ya North Carolina ikasomeka kuwa hai. Binamu alitaka waende Iowa asubuhi iliyofuata. Nilipiga simu kwanza, karani akajibu kwamba North Carolina sasa iko sawa, lakini jimbo la tatu bado.

Hilo la tatu, ambalo halikuwa lake, lilichukua muda mrefu kuliko lililokuwa lake. Mtu mwingine kule ana majina mawili sawa na ya Baba Neema, kwa tahajia ile ile, na alizaliwa, kwa makaratasi, 1 Januari ya mwaka ule ule. Pengine naye aliandikishwa kambini. Amefungiwa leseni kwa sababu ambayo idara haikutuambia, na ilifanya vizuri kutotuambia. Simu ya kwanza tulijibiwa kwamba Bwana huyu anadaiwa na afike ofisini. Simu ya pili tulipata mtu aliyekubali kupokea nyaraka. Tukatuma nakala ya grini kadi, ya leseni ya North Carolina na maelezo mafupi ya kuomba walinganishe picha, urefu na namba ya Social Security. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua ya mistari minne inayosema kwamba huyu si yule.

Kwa barua ile Iowa ikampa leseni, bila mtihani wa kuandika wala wa barabarani. Bima ya Iowa ilikuja juu kuliko alivyotarajia, kwa sababu kampuni iliagiza rekodi yake ya udereva na miezi ya kufungiwa inaonekana humo hata kama shauri limekwisha.

Uchambuzi

Tuanze na lililomfungia. Spidi haikumfungia Baba Neema, na kama angefika mahakamani Aprili, huenda angepata ahueni ile ile ya shtaka aliyoipata baadaye, bila hata siku moja ya kufungiwa. Alifungiwa kwa kutofika. Nasisitiza kwa sababu watu wakija kuniuliza huanza na uzito wa kosa: nilikuwa maili ngapi, nilikata taa au sikukata. Kwa anayehamisha leseni, swali la kwanza ni kama kuna shauri lililobaki wazi. Tiketi tatu zilizolipwa na kufungwa zinaweza kukupandishia bima, na ukizirundika ndani ya muda mfupi jimbo jipya linaweza kukuchukulia hatua kwa sheria zake, lakini kwa kawaida hazikuzuii kubadilisha kadi. Tiketi moja ya taa ya nyuma, ikikosa kujibiwa, inaweza kukuzuia.

Wengine walisema angewahi ndani ya zile siku 30 za Iowa angeponea. Nimelifikiria sana hili. Ni kweli kwamba mwezi Juni amri ilikuwa haijaanza kufanya kazi, na pengine angetoka na leseni ya Iowa. Lakini Julai North Carolina ingemfunga vile vile, jina lingeingia kwenye daftari la taifa, na angelikuta siku ya kuhuisha leseni au siku polisi wa Iowa atakapomsimamisha, hati ya kukamatwa ikiwa bado hai. Kuwahi kungemchelewesha kujua. Kilichokuwa na thamani Juni ni kitu kingine: mtu yeyote angemsomea ile karatasi ya Machi kwa Kiswahili, lile dirisha la siku 60 lilikuwa bado wazi.

Lililofanya kazi zaidi ya yote ni zile siku mbili za kutolipa. Nimeona familia nyingine zikilipa usiku ule ule kwa hofu, na siwalaumu. Deni la serikali linatisha mtu aliyeishi kambini. Ila kwa tiketi yenye kosa la jinai, malipo ni hukumu, na hukumu ndiyo inayosafiri. Kwa Baba Neema jambo hili lina uzito mwingine. Anataka kuendesha malori, kama wengi wetu hapa. Anayeomba leseni ya biashara, CDL, hutakiwa kutaja majimbo yote aliyokuwa na leseni katika miaka 10 iliyopita, na jimbo huagiza rekodi kutoka kila moja. Kwa mwenye CDL, kuzidisha maili 15 au zaidi kunahesabiwa kosa zito. Mawili ndani ya miaka mitatu humsimamisha siku 60. Ukishaishika CDL, hata ile hisani ya kubadilishiwa shtaka haipatikani kirahisi, maana sheria ya shirikisho inakataza majimbo kuficha hukumu za madereva hao. Rekodi aliyoisafisha sasa ndiyo atakayoingia nayo huko.

Upande wa uraia, fomu ya N-400 inauliza juu ya kukamatwa na hata kupewa tiketi. Faini ya kawaida ya barabarani iliyo chini ya dola 500, isiyo na pombe wala kukamatwa, kwa kawaida haihitaji nyaraka. Hati ya kukamatwa ambayo haijajibiwa ni jambo zito kuliko hilo, na Baba Neema alikuwa nayo kwa miezi bila kujua.

Lililoshindikana ni anwani. Sioni namna ya kulilainisha. Barua moja iliyomfikia ingeokoa miezi, fedha ya wakili na ada ya kurejeshewa leseni. Mashirika yanayowapokea wageni hufundisha kufungua akaunti ya benki, kuandikisha watoto shule na kupiga 911. Naomba waongeze DMV kwenye orodha ya watu wa kuarifiwa kila unapohama, hata kama ni kuhama mlango wa pili katika jengo lile lile.

Lipo pia suala la haki. North Carolina bado inafungia leseni kwa kutofika na kwa kutolipa. California iliacha kufungia kwa kutolipa mwaka 2017, Virginia ikafuata miaka michache baadaye. Huko North Carolina kwenyewe, Durham ina mpango uitwao DEAR wa kuwasaidia watu warudishiwe leseni zilizofungwa kwa mashauri ya zamani. Mtu mwenye tiketi ya kaunti yenye mpango kama huo aulize kabla ya kutoa fedha ya wakili. Kaunti ya Baba Neema haikuwa nao, na bila mkopo wa binamu shauri lingesimama.

Mwisho ni 1 Januari. Mfumo wa taifa ukilinganisha jina na tarehe, jibu lake ni dalili tu; jimbo linatakiwa kuthibitisha kama ni mtu yule yule kabla ya kumnyima leseni. Kwa vitendo, kazi ya kuthibitisha ilimwangukia Baba Neema. Anayeshuku kwamba jina lake limo anaweza kuuliza mapema: huandikiwa ombi daftari la taifa la NHTSA, likiwa na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na saini iliyoshuhudiwa na notari, na halina malipo. Jibu huonyesha kama jina lipo na jimbo gani la kuuliza. Kwa watu wa 1 Januari wanaotaka kuhama, nashauri ombi hilo litumwe kabla ya kufungasha, pamoja na kuagiza rekodi ya udereva ya jimbo unalotoka.

Barua ile ya mistari minne imempa Baba Neema leseni hii moja. Kumbukumbu ya yule mwenzake wa jina bado imo kwenye daftari, na itaendelea kuwamo mpaka mwenyewe aishughulikie. Kwa hiyo tumetoa nakala tatu: moja iko nyumbani na hati za uhamiaji, moja kwa binamu, na moja nimemwomba aende nayo atakapoomba CDL, kwa sababu siku hiyo jina lake litatazamwa upya katika nchi nzima.